Mwili Haujazoea Dawa: Shangazi wa Maabara Ajibu Barua Zenu

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kuhusu bakteria wa tumboni wanaokataa dawa, nikadhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza nyuki. Mhariri amenikabidhi bahasha nzima ya barua, na hapa ninajibu saba.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi si daktari. Nimekaa miaka 32 kwenye benchi la bakteria katika maabara ya hospitali ya mkoa, nikiotesha mikojo, vinyesi na damu za watu, kisha nikastaafu na kurudi Tanga kumtunza mama. Dawa ya kumeza atakuandikia daktari wako. Mimi nitakueleza kilichokuwa kwenye sahani.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka huu nimeumwa UTI mara nne. Mara zote nilikwenda duka la dawa, nikapewa Cipro za siku tatu au azithro. Safari hii haikusikia, daktari akaagiza mkojo uoteshwe. Karatasi imerudi imeandikwa "E. coli, ESBL+", halafu safu ya herufi R, R, R, R na S mbili tu chini. Muuguzi akaniambia mwili wangu umeshazoea dawa. Je, nikikaa mwaka mzima bila kumeza dawa, mwili utasahau?
(Mwalimu, Nyakato, Mwanza)

JIBU: Marahaba mwalimu, na pole sana.

Mwili wako haujazoea kitu. Mwili huzoea kahawa, huzoea pombe, huzoea hata kelele za jirani. Antibayotiki haina shughuli na mwili wako, inamtafuta bakteria. Waliobadilika ni wao. Ukitaka ushahidi, mwangalie mtoto mchanga wa siku tatu. Hajawahi kumeza hata nusu kidonge, na bado anaweza kuugua kwa Klebsiella, bakteria mwingine wa tumboni, inayokataa karibu kila sindano iliyomo wodini. Hapo hapo Mwanza kwenu watafiti walichapisha habari za watoto wa namna hiyo mwaka 2013. Mwili wa siku tatu umezoea nini?

Huyo E. coli wako makao yake ni utumbo mpana. Kila mmoja wetu anaye, na mara nyingi hana ubaya. Kwa sisi wanawake safari ya kutoka nyuma kwenda kwenye kibofu ni fupi mno, ndiyo maana ugonjwa wa mkojo mara nyingi ni mdudu wa choo aliyehama nyumba. Kwa hiyo kila ulipomeza Cipro kwa ajili ya kibofu, ilipita pia tumboni, ikafagia wanyonge, ikawaachia eneo wakaidi.

Sasa hizo herufi. Nikueleze zinavyopatikana, maana karatasi huja kavu kana kwamba zimeshuka kutoka mbinguni. Mkojo wako ulipakwa kwenye sahani ya chakula cha bakteria, ukalala kwenye joto usiku kucha. Asubuhi E. coli huwa ametoa madoa ya waridi, mviringo, bapa kidogo, kama vishikizo vya blauzi ya mtoto. Fundi huchota doa kwa kitanzi cha waya, akalikoroga kwenye maji ya chumvi mpaka yawe na ukungu wa kipimo maalumu, akaupaka ukungu huo sahani nyingine nzima, bila kuacha nafasi. Juu yake anapanga vikaratasi vya duara vya milimita 6, kila kimoja kimelowekwa dawa yake na kina herufi zake. Sahani inarudi kwenye joto la nyuzi 35. Kesho yake sahani yote imefunikwa na utando wa bakteria, isipokuwa pale dawa ilipowashinda: pana duara safi, na duara hilo linapimwa kwa rula. Kwa Cipro na E. coli, siku hizi milimita 26 na kuendelea ni S, yaani dawa inamweza; 21 na kushuka ni R, amekataa. Nimeona sahani ambazo utando umepanda mpaka ukingoni mwa kikaratasi, pengine unataka kukipanda juu. Hapo tunaandika 6, yaani tumepima karatasi yenyewe.

Na ESBL? Kwenye sahani tunaitambua kwa umbo. Tukiweka kikaratasi cha sefotaksimu karibu na kile chenye asidi ya klavulaniki, duara la sefotaksimu linavutika upande wa jirani yake mpaka linafanana na tundu la ufunguo. Maana yake bakteria anatengeneza kimeng'enya kinachokatakata dawa za jamii ya penisilini pamoja na wadogo zake wenye nguvu kama seftriaksoni, na klavulaniki inakishika mikono. Nilipokuwa kazini, siku za mwanzo tuliitana kuja kuangalia tundu la ufunguo. Nilipostaafu, hakuna aliyenyanyuka kitini.

Maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya hicho yamo kwenye jeni. Inayotamba zaidi kwetu na duniani inaitwa CTX-M-15. CTX ni sefotaksimu, M ni mji wa Munich, Ujerumani. Jeni hizi zimebeba majina ya safari kama mabasi: TEM, ya zamani zaidi, ni herufi za mwanzo za jina la mgonjwa wa Athens, Ugiriki, miaka ya 1960, NDM ni New Delhi, na Wahindi walikasirika sana kubandikwa jina hilo. Wajerumani sijawasikia wakilalamikia M yao.

Kuna jambo moja ambalo wauza dawa wengi hawalijui. Mara nyingi CTX-M-15 husafiri kwenye mkoba mmoja na jeni za kukataa dawa nyingine kabisa: Septrin, gentamaisini, tetrasaiklini, na mara nyingi bakteria mwenyewe tayari ameshaikataa Cipro. Kwa hiyo unaweza kumeza Cipro tu maisha yako yote, hujawahi kuchomwa seftriaksoni hata siku moja, na bado ukawa umemfuga anayekataa seftriaksoni.

Swali lako la kusahau. Mkoba ni mzigo, na bakteria asiye na mzigo humzidi mwenye mzigo kuzaliana pale ambapo hakuna dawa. Ukikaa bila antibayotiki, kwa wengi wale wakaidi hupungua ndani ya miezi. Wengine hubaki nao mwaka na zaidi. Sikuahidi tarehe. Hizo S mbili za chini ndizo mlango wako. Mrudie daktari na karatasi hiyo mkononi, na kila utakapougua tena mwonyeshe. Ihifadhi pamoja na kadi ya kliniki.

SWALI: Shangazi, sisi tuko kidato cha sita. Mwalimu alitufundisha kwamba usugu unatokana na jeni kubadilika kwa bahati: mmoja anabadilika, wenzake wanakufa, yeye anazaa. Wewe uliandika kwamba bakteria "wanapeana" usugu huo. Tumebishana bwenini mpaka taa zikazimwa. Nani mkweli?
(Wanafunzi wanne, Moshi)

JIBU: Mwalimu wenu yuko sawa, na mimi niko sawa. Twendeni Japani.

Baada ya vita ya pili ya dunia Japani ilisumbuliwa na kuhara damu kunakoletwa na Shigella. Walitumia dawa za salfa, zikagoma. Zikaja streptomaisini, kloramfenikoli na tetrasaiklini. Mwaka 1955 akapatikana mgonjwa aliyetoka Hong Kong mwenye Shigella iliyokataa zote nne kwa mpigo. Hebu pigeni hesabu, ninyi watu wa sayansi. Tuseme bakteria mmoja katika milioni kumi hubadilika kwa bahati akaikataa dawa moja. Kuzikataa nne kwa siku moja ni kuiandika nafasi hiyo mara nne na kuzizidisha zenyewe kwa zenyewe: mmoja katika moja yenye sifuri 28 nyuma yake. Bakteria wa tumbo moja hawafiki idadi hiyo hata wakija na mashemeji.

Likaja la kushangaza zaidi. Walipatikana wagonjwa ambao kila mmoja alikuwa na Shigella wanaokufa kwa dawa na Shigella wasiokufa, wa aina moja. Na E. coli waliomo kwenye matumbo hayo hayo nao walikuwa wanakataa dawa zile zile nne. Mwaka 1959 Tomoichiro Akiba na Kunitaro Ochiai, kila mmoja na timu yake, walifanya jaribio rahisi mpaka linachekesha: wakamchanganya E. coli mkaidi na Shigella mpole kwenye chombo kimoja. Shigella mpole akatoka mkaidi, wa dawa zote nne. Wazungu hawakushtuka sana mpaka Tsutomu Watanabe alipoandika kwa Kiingereza mwaka 1963.

Kinachopeanwa ni plasmidi, ndiyo ule mkoba niliomtajia mwalimu wa Mwanza: duara dogo la DNA linaloishi pembeni ya DNA kuu ya bakteria. Mwenye nayo hutoa uzi mwembamba, akamnasa jirani, akamvuta karibu, kisha uzi mmoja wa DNA ya plasmidi ukapita kwa jirani. Kila upande unajaza nusu iliyopungua. Mtoaji habaki mikono mitupu: ni kama kurushiana nyimbo kwa simu, uliyemrushia anao na wewe unao. Tena si lazima wawe ndugu. E. coli anampa Shigella, anampa Salmonella, anampa Klebsiella. Ni kama mbuzi angemsugua kuku, na jioni kuku akaota pembe.

Kwa hiyo mabadiliko ya bahati yapo (Cipro kwa kiasi kikubwa hupotezwa hivyo), na kupeana kupo. Uteuzi wa mwalimu wenu unafanya kazi baada ya hapo, dawa inapoingia na kuwaondoa wasio na mkoba.

Mkiuliza jeni zenyewe zilianzia wapi, msimlaumu mwenye duka la dawa. Antibayotiki nyingi tumezichota kwa kuvu na bakteria wa udongoni, nao wamekuwa wakipigana kwa silaha hizo tangu kale. Mwaka 2011 watafiti walitoa jeni za usugu kwenye udongo ulioganda huko Yukon, Kanada, udongo wa miaka 30,000. Mwaka 2015 zilitangazwa jeni za usugu kutoka matumboni mwa Wahadzabe wetu wa Ziwa Eyasi, watu wa mizizi, asali na nyama ya porini. Jeni zilikuwapo. Sisi tulichofanya ni kuziandalia karamu.

Mtu akiwaambia hiyo Japani ni historia, mjibuni Hyderabad, ile ya Sindh, Pakistani. Mwishoni mwa mwaka 2016 ilizuka taifodi iliyokataa kloramfenikoli, ampisilini, Septrin, Cipro na seftriaksoni. Salmonella wa taifodi, ambaye tayari alikuwa mkaidi kwa dawa za zamani, alikuwa ameongezewa plasmidi moja yenye CTX-M-15 na jeni nyingine ya kuikataa Cipro. Watafiti waliposoma plasmidi ile waliikuta inafanana na zile za E. coli. Mkoba mmoja tu, na wagonjwa wakabakiwa na azithro ya kumeza na sindano za bei ya juu.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina duka la dawa muhimu Mbagala. Mteja anakuja na shilingi elfu moja: "Nipe rangi mbili nne, tumbo linanisokota." Nikimwambia akapime ananiona naringa, anavuka barabara kwa mwenzangu. Kodi ya fremu inanisubiri. Unanishauri nini?
(Binti wa duka, Mbagala)

JIBU: Marahaba binti. Kodi ya fremu sina dawa yake, na sitakufokea kwa jambo ambalo hata hospitali zenye vipimo hulifanya. Nikusimulie kikombe.

Oktoba 1977 kipindupindu kiliingia nchini kwa mara ya nne. Nilikuwa na miaka 18, shule ya bweni ya pwani. Tulipangwa foleni uwanjani, matroni akatugawia tetrasaiklini za rangi mbili, mmoja mmoja, wazima wote, hakuna hata aliyekuwa anaharisha. Kando yake palikuwa na ndoo na kikombe kimoja cha bati cha kumezea. Kikombe kimoja, wasichana karibu mia mbili, na ugonjwa wenyewe ni wa maji machafu! Wakati huo sikuona kichekesho. Nilichokumbuka ni uchungu wa kidonge kilichoninasa kooni.

Miaka kadhaa baadaye, chuoni, mkufunzi alituwekea mezani makala ya Mhalu na wenzake wa Muhimbili, ya mwaka 1979. Walikuwa wamepima vimelea vya mlipuko ule ule. Mwanzoni tetrasaiklini iliviua vyote. Baada ya miezi mitano ya kuwamezesha dawa wagonjwa na wazima, asilimia 76 ya vimelea vilivyopimwa vilikuwa sugu. Miezi mitano, binti. Walipochunguza zaidi wakaikuta plasmidi. Nikamwambia jirani yangu darasani, "Mimi nilikuwa kwenye foleni hiyo." Siku hizi Shirika la Afya Duniani halishauri kugawa dawa kwa umma wote namna ile, kinachomwokoa mgonjwa wa kipindupindu kwanza ni maji na chumvi, antibayotiki ni msaidizi.

Rudi kwenye vidonge vyako vinne. Tumbo linalosokota mara nyingi halina bakteria wa kuuawa na rangi mbili, na kama wapo, vinne haviwamalizi. Vinachofanya ni kuwapalilia wakaidi miongoni mwa mabilioni waliokuwa wanaishi humo kwa amani. Huyo mteja anaondoka nao, anakwenda kuwakatia wanawe matunda bila kunawa.

Ushauri wangu ni mdogo. Weka ORS na zinki mbele kabisa ya kaunta, si kule chini nyuma ya pamba. Elfu moja ya mteja ikutane na kitu cha kununua, asiondoke na aibu. Na huo wimbo wa "maliza dozi" tunaoimba wote, uimbe kwa akili. Aliyeandikiwa na daktari afuate siku alizoandikiwa. Lakini kumeza siku kumi pale ambapo tano zinatosha hakumkomoi bakteria yeyote. Kunawapa wale wa tumboni siku tano zaidi za mazoezi. Wataalamu wenyewe kwa magonjwa kadhaa wamekuwa wakizipunguza siku. Kosa la mteja wako si kuishia cha nne. Ni kile cha kwanza, kama hakikuhitajika.

SWALI: Eti ni kweli maziwa yanaua nguvu ya dawa?
(Msomaji, Korogwe)

JIBU: Kwa Cipro, tetrasaiklini na doksi, kuna ukweli. Kalisiamu ya maziwa inaishika dawa tumboni, ikaingia kidogo kwenye damu, zaidi kwa Cipro na tetrasaiklini. Meza kwa maji; maziwa na mtindi visubiri saa mbili hivi. Kwa amoksilini, kunywa chai yako ya maziwa bila wasiwasi.

SWALI: Mtoto wangu ana mwaka na nusu, anaharisha maji matupu siku ya pili sasa. Mke wangu anataka tumpe Flagili ya maji, pamoja na Septrin iliyobaki kwa dada yake. Mimi nasita. Nani kati yetu anakosea?
(Baba wa mtoto mmoja, Kahama)

JIBU: Endelea kusita, baba. Barua yako imechukua wiki tatu kunifikia na naomba mtoto awe ameshapona zamani; ninajibu kwa ajili ya wengine.

Mtoto anayeharisha maji bila damu, mara nyingi kisababishi ni virusi, na antibayotiki kwa virusi ni sawa na kumpiga fimbo mvua. Mpe ORS, pakiti ichanganywe na kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, si kwa kukadiria na kikombe. Mpe zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14; aliye chini ya miezi sita hupewa 10. Aendelee kunyonya na kula. Ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, analegea, hawezi kunywa au anatapika kila kitu, acha kusoma majarida, mpeleke hospitali hata kama ni saa nane za usiku. Damu kwenye choo yaweza kuwa Shigella, na huyo anahitaji antibayotiki kweli, iliyochaguliwa na daktari. Shigella hana mchezo: bakteria wasiozidi mia wanatosha kumwangusha mtu.

Sasa Flagili, maana nchi hii inaimeza kama pipi. Inafanya kazi ndani ya viumbe wanaoishi bila hewa, na ndani ya amiba na jiardia. E. coli, Salmonella na Shigella haiwashughulishi kabisa. Sijawahi hata kukiweka kikaratasi chake kwenye sahani zao. Inaowapunguza ni wale wakazi wema wasiopenda hewa, ambao wamejazana utumboni mpaka mgeni mbaya hapati pa kukaa. Ukiwatoa, umempangishia.

Na nisijifanye malaika. Mwaka 1989 kifungua mimba wangu aliharisha, naye alikuwa na umri kama wa mwanao. Juu ya kabati kulikuwa na chupa ya ampisilini ya maji, nusu, ya kikohozi cha miezi miwili nyuma. Nilimpa siku tatu. Mimi, mtu wa maabara! Wiki iliyofuata nikachukua choo chake kwa udadisi, nikakiotesha mwenyewe baada ya saa za kazi. E. coli wake walikuwa wamekisogelea kikaratasi cha ampisilini mpaka ukingoni. Kweli, sikuwa nimempima kabla, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ni mimi niliyewapalilia. Lakini sahani ile niliitupa kwenye pipa la kuchoma kabla mwenzangu wa zamu hajaingia, na sikumwambia mtu.

SWALI: Nafuga kuku wa nyama 400. Vifaranga wakifika tu nawawekea antibayotiki kwenye maji siku tano ili wasife. Jirani ananiambia nawapa watu usugu. Kuku wangu wamemkosea nini?
(Mfugaji, Kibaha)

JIBU: Kuku hawajamkosea, na nyama ikiiva vizuri bakteria wamekufa. Njia yao ni nyingine: mikono ya anayechinja, ubao unaokatia kuku kisha kachumbari, mbolea mbichi kwenye mchicha. Kisa cha kukutosha ni cha China. Kolistini ni dawa ya zamani ambayo madaktari waliiweka kando kwa sababu huumiza figo, kisha wakairudia kama tegemeo la mwisho kwa bakteria waliokataa kila kitu. Wakati huohuo nguruwe wa China walikuwa wanailishwa kwa tani ili wanenepe. Novemba 2015 wanasayansi wa huko wakatangaza jeni iitwayo mcr-1, inayoikataa kolistini, tena imekaa kwenye plasmidi. Ilikuwemo kwa E. coli wa nguruwe, wa nyama buchani na wa wagonjwa. Mwaka 2017 serikali yao ikapiga marufuku kuichanganya kwenye chakula cha kunenepesha mifugo.

Vifaranga wako nadhani wanakufa kwa baridi, kwa maranda yaliyolowa, au kwa kideri na gumboro, ambavyo ni virusi na vina chanjo. Zile siku tano za dawa anza kuzinunulia mkaa na chanjo, umwite ofisa mifugo akuangalizie banda. Ukilazimika kutibu kuku mgonjwa kweli, hesabu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti kabla hujauza. Najua mnunuzi akija na hela mkononi siku ya tatu, pakiti huwa haionekani.

SWALI: Nimesafisha nyumba nikakuta amoksilini saba, doksi tatu na Cipro mbili, bado hazijaisha muda. Nizitunze, nimpe jirani, au nizitupe chooni?
(Mama wa nyumbani, Pangani)

JIBU: Usizitunze, maana usiku mmoja tumbo litakuuma na utazikumbuka. Usimpe jirani. Na chooni usitupe. Humo ndimo bakteria walimojazana kuliko mahali popote nyumbani kwako, tusiwapelekee mafunzo. Zirudishe kwenye famasi au hospitali, waambie ni za kuteketezwa, na wakikukunjia uso nenda famasi ya pili.

Mama yangu ana bati la biskuti juu ya kabati. Nilipolishusha nilihesabu vidonge vya aina 11, vingine vimefungwa kwenye karatasi ya daftari yenye neno moja tu kwa kalamu ya wino: "tumbo". Nililipeleka famasi Jumatatu asubuhi, likarudi tupu, nikatia vifungo vya nguo. Bado hajauliza.